Kuchora tatuu ukiwa unatumia dawa za kupunguza kinga ya mwili: mwongozo wa hatua kwa hatua

Mwongozo huu unamhusu mtu mzima mwenye ugonjwa unaofanya kinga ya mwili iushambulie mwili wenyewe, kama vile lupasi, baridi yabisi, soriasisi, ugonjwa wa Crohn au maltipo sklerosisi, anayetumia dawa za kuituliza kinga hiyo na ambaye anataka kuchora tatuu. Wengi wakiuliza huambiwa wasithubutu, bila maelezo yoyote. Wengine huambiwa kwamba hakuna shida. Majibu yote mawili humdhuru muulizaji, kwa kuwa la kwanza humsukuma kuchora kwa siri bila daktari wake kujua, na la pili humwacha bila kujua anapaswa kutazamia nini. Wapo wasiopaswa kuchora kabisa, wapo wanaopaswa kusubiri miezi kadhaa, na wapo wanaoweza kuchora kwa hatari ndogo iwapo watajipanga.

Kanuni moja inatangulia zote: tatuu ndiyo inayoifuata dawa, wala si dawa kuifuata tatuu. Tarehe, ukubwa, rangi na mahali pa mchoro ni mambo yanayoweza kubadilishwa bila hasara. Dawa iliyokatishwa kiholela inaweza kuamsha ugonjwa uliotulizwa kwa taabu, na figo au kiungo kilichoharibiwa katika mlipuko mmoja huenda kisirudi kama kilivyokuwa.

Inafaa kuelewa kwanza kinachotokea. Sindano ya mashine ya tatuu huingia kina cha takribani milimita 1 hadi 2, ikaipenya ngozi ya juu na kuuacha wino katika ngozi ya ndani, na hurudia hivyo maelfu ya mara katika kikao kimoja. Kwa mwili hilo ni jeraha pana lenye matundu madogo mengi na kitu kigeni ndani yake. Seli za kinga ziitwazo makrofaji huumeza wino huo bila kuweza kuusaga. Utafiti uliofanywa Ufaransa kwa panya na kuchapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba makrofaji zinapokufa huuachia wino, na makrofaji nyingine zilizozaliwa karibuni huudaka tena palepale. Sehemu nyingine ya wino husafiri hadi kwenye tezi za limfu na kubaki huko. Tatuu, kwa hiyo, ni kazi inayopewa kinga ya mwili tangu dakika ya kwanza, na wewe unaipa kinga hiyo kazi wakati dawa inaiambia ipunguze mwendo.

Hatua ya 1: Itambue dawa yako kwa jina, dozi na muda

Jina la jumla "dawa za kupunguza kinga" linaficha tofauti kubwa. Haidroksiklorokwini, ambayo wagonjwa wengi wa lupasi huitumia, huituliza kinga bila kuongeza hatari ya maambukizi kwa kiasi cha maana. Methotreksati, azathioprini na mikofenoleti hupunguza kuongezeka kwa seli za kinga, na huweza kushusha seli nyeupe za damu pasipo wewe kuhisi lolote. Hali hiyo huonekana kwenye kipimo cha damu tu. Saiklosporini na takrolimasi huzifunga seli T, ambazo ni aina ya seli za kinga, zisiamke. Dawa zenye kuzuia vimeng'enya vya JAK, ambavyo hupitisha ishara ndani ya seli za kinga, kama tofasitinibu na barisitinibu, zinajulikana kwa kuamsha mkanda wa jeshi, na hilo ni jambo la kukumbukwa na mtu anayetaka kuijeruhi ngozi yake kwa makusudi.

Prednisoloni inastahili kutazamwa peke yake, kwa sababu watu huizoea mno hata wakasahau kuitaja. Hatari yake hupanda kadiri dozi inavyopanda. Mtu anayemeza miligramu 20 au zaidi kila siku kwa wiki mbili au zaidi huhesabiwa kuwa na kinga iliyoshuka kiasi cha kutopewa chanjo zenye vijidudu hai. Ikitumika kwa muda mrefu huifanya ngozi iwe nyembamba, inayochubuka na kuvilia damu kwa urahisi, na huchelewesha vidonda kupona. Katika ngozi ya namna hiyo ni rahisi sindano kuzama kupita kiasi na wino kusambaa chini ya mistari, kwa hiyo hata uzuri wa mchoro unaathirika. Vilevile hupandisha sukari katika damu, na sukari iliyopanda ni chakula cha vijidudu.

Dawa za kibiolojia, ambazo hutolewa kwa sindano au dripu, zina ratiba inayosaidia kupanga. Adalimumabu kwa kawaida hudungwa kila baada ya wiki 2. Infliksimabu, mgonjwa akishavuka dozi za mwanzo, mara nyingi hutolewa kila baada ya wiki 8. Rituksimabu ni habari nyingine: huziondoa seli B, ambazo ndizo chanzo cha kingamwili, nazo huchukua miezi 6 hadi 12 au zaidi kurudi, hivyo usihesabu kwamba athari yake imekwisha kwa sababu tu uliwekewa dripu miezi mitatu iliyopita. Ukitumia dawa mbili au tatu kwa pamoja, athari zake hujumlishana.

Andika katika karatasi moja jina la kila dawa, dozi yake, tarehe ya dozi ya mwisho na tarehe ya dozi inayofuata. Karatasi hiyo utaipeleka kwa daktari, utakuwa nayo siku ya kuchora, na utaihitaji zaidi ikiwa siku moja utalazimika kwenda hospitali usiku na kukutana na daktari asiyekufahamu.

Hatua ya 2: Utazame ugonjwa wenyewe, si dawa peke yake

Katika karne ya 19 daktari wa Ujerumani aitwaye Heinrich Köbner alieleza jinsi soriasisi inavyoota mahali ambapo ngozi yenye afya imejeruhiwa. Tabia hiyo bado inaitwa kwa jina lake, na tatuu ni mojawapo ya majeraha yanayoiamsha. Mabaka huonekana mara nyingi siku 10 hadi 20 baadaye, yakifuata mistari ya mchoro. Mbalanga nao huweza kufanya vivyo hivyo, na ngozi ikapoteza rangi yake kandokando ya wino. Kama mikwaruzo au makovu yako ya zamani yaliwahi kugeuka kuwa mabaka, umekwisha kupata jibu, na hakuna haja ya kulijaribu tena kwa sindano.

Kwa mgonjwa wa Behçet, yaani ugonjwa wa uvimbe wa mishipa ya damu unaoleta vidonda vya mdomo, mchomo mdogo wa sindano huweza kuzaa kipele chenye usaha ndani ya saa 24 hadi 48, kiasi kwamba madaktari huutumia mchomo huo kama kipimo cha ugonjwa. Mtu aliyewahi kupata vidonda vya paiodema gangrenosamu, ambavyo hupanuka kila ngozi inapoguswa, yuko katika hatari kubwa zaidi. Kwa hawa wawili ushauri wangu ni kutochora. Mwenye sakoidosisi, ugonjwa ambao seli za kinga hujikusanya na kufanya vinundu mwilini, huweza kuota vinundu ndani ya wino, hasa mweusi, na mara nyingine vinundu hivyo ndivyo hutangaza kwamba ugonjwa umefika kwenye mapafu. Mwenye chembe sahani chache, yaani chembe zinazosaidia damu kuganda, au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda kwa sababu ya ugonjwa wa antifosfolipidi, ambao huigandisha damu ndani ya mishipa, atatoka damu nyingi kuliko kawaida na wino hautatulia vizuri.

Kwa magonjwa mengine swali kuu ni utulivu. Usichore wakati ugonjwa umeamka, wakati dozi inapandishwa au kubadilishwa, wala ukiwa bado unamalizia matibabu ya maambukizi yoyote. Binafsi ningetaka miezi 3 hadi 6 ya utulivu kwanza, si kwa kinga tu: tatizo likitokea, itakuwa rahisi kujua ni la tatuu au la ugonjwa.

Hatua ya 3: Zungumza na daktari anayekuandikia dawa

Nenda kwa daktari anayesimamia ugonjwa wako, si daktari yeyote aliyepo zamu. Usimwombe ruhusa kwa swali la ndiyo au hapana, kwa kuwa swali la namna hiyo hujibiwa kwa tahadhari ya haraka. Mweleze unataka mchoro wa ukubwa gani, wapi na lini, kisha muulize mambo manne: je, matokeo yangu ya damu ya karibuni yanaruhusu, je, katika mzunguko wa dozi zangu ni wiki ipi iliyo nafuu, je, nikiona dalili za maambukizi nimpigie nani na ni dawa ipi nisimamishe, na je, kuna antibiotiki ambazo sipaswi kupewa pamoja na dawa zangu?

Matokeo ya damu ni hesabu kamili ya seli, pamoja na hali ya ini na figo. Neutrofili, ambazo ndizo askari wa kwanza dhidi ya bakteria, zikiwa chini ya 1,500 kwa maikrolita moja ya damu huhesabiwa kuwa zimepungua, na hiyo ni sababu tosha ya kuahirisha. Chembe sahani kwa kawaida huwa kati ya 150,000 na 450,000. Vipimo viwe vya wiki chache zilizopita. Vya mwaka jana havisemi lolote kuhusu leo.

Kuhusu ratiba, mwongozo ambao vyama vya Marekani vya madaktari wa viungo na wapasuaji wa nyonga na goti walitoa mwaka 2022 kwa wagonjwa wanaobadilishiwa kiungo unashauri methotreksati iendelee, na upasuaji upangwe mwishoni mwa mzunguko wa dawa ya kibiolojia, dozi inayofuata ikitolewa kidonda kikiwa kimeonyesha kupona. Tatuu si upasuaji, na mwongozo huo haukuandikwa kwa ajili yake, lakini mantiki yake inafaa kumwonyesha daktari: anayetumia dawa ya kibiolojia huenda akanufaika kwa kuchora siku chache kabla ya dozi inayofuata kuliko siku moja baada yake. Kuisogeza dozi hata kwa siku tatu ni uamuzi wa daktari. Prednisoloni isiguswe kabisa, maana mwili uliozoea kuipata kwa vidonge huwa umepunguza kutengeneza homoni yake wenyewe, na kuikata ghafla kunaweza kumwangusha mtu kwa shinikizo la damu lililoshuka.

Daktari akikataa, mwombe sababu. "Subiri hadi dozi ishuke" ni jibu tofauti kabisa na "ugonjwa wako hauruhusu", na unastahili kujua umepewa lipi kati ya hayo.

Hatua ya 4: Kamilisha chanjo

Chanjo ya homa ya ini aina ya B haina kijidudu hai, kwa hiyo inaruhusiwa kwa mtu mwenye kinga iliyopunguzwa. Ratiba yake ya kawaida ni dozi 3, ya pili mwezi 1 na ya tatu miezi 6 baada ya ya kwanza, hivyo ianze mapema. Kwa kuwa dawa hizi hupunguza mwitikio wa mwili, omba kipimo cha kuthibitisha kwamba chanjo imeshika. Jambo hili si la kupuuza: kirusi cha homa ya ini B huishi nje ya mwili kwa angalau siku 7, na kwa mtu anayepewa rituksimabu kirusi hicho huweza kuamka kwa ukali unaoua. Hakikisha pia kwamba chanjo ya pepopunda haijapitisha miaka 10.

Hatua ya 5: Mchague mchoraji na uukague wino

Fika siku usiyochorwa, utazame mtu mwingine akichorwa ikiwa ameridhia. Sindano zinapaswa kutoka katika pakiti iliyofungwa, yenye namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi, ifunguliwe mbele ya mteja na kutupwa katika chombo kigumu cha vitu vyenye ncha. Kama baadhi ya vifaa hurudiwa, viwe vimetakaswa kwa mashine ya mvuke wa shinikizo, kwa mfano nyuzi 121 za Selsiasi kwa dakika zisizopungua 15, na mchoraji awe na kumbukumbu za kuipima mashine hiyo kwa mbegu za bakteria. Kuchemsha kwenye sufuria na kupangusa kwa spiriti havitoshi. Glovu zibadilishwe kila mchoraji anapogusa simu, mlango au chupa.

Wachoraji wengi makini wanajua yote haya. Wino ndio mahali ambapo hata mchoraji makini hudanganyika. Kati ya mwaka 2011 na 2012 watu 19 mjini Rochester, katika jimbo la New York nchini Marekani, walipata maambukizi ya ngozi baada ya kuchorwa, na kwa 14 kati yao ilithibitishwa kuwa ni bakteria aitwaye Mycobacterium chelonae. Wote walikuwa wamechorwa kwa wino wa kijivu uliokwisha kuchanganywa na maji kiwandani, na bakteria huyo alipatikana hata katika chupa ambayo haijafunguliwa. Usafi wa chumba haukuweza kuwaokoa, kwa sababu kijidudu kilifika ndani ya wino wenyewe. Bakteria wa jamii hiyo hupenda maji, yakiwemo maji ya bomba na hata maji yaliyokenekwa, ambayo watu hudhani kuwa hayana vijidudu.

Kwa hiyo muulize mchoraji waziwazi: wino huu umetakaswa vijidudu na mtengenezaji, na chupa inasema hivyo? Rangi ya kijivu unaipataje? Jibu linalokubalika ni kwamba ama hutumia wino wa kijivu uliotakaswa, ama huupunguza mweusi kwa maji tasa ya hospitali yaliyofunguliwa siku hiyohiyo. Kwako wewe ni salama zaidi kuuepuka uvuli wa kijivu na kubaki na mistari myeusi. Piga picha ya lebo ya kila chupa, namba ya toleo ikionekana. Umoja wa Ulaya, kuanzia Januari 2022, uliweka masharti juu ya maelfu ya kemikali katika wino wa tatuu, na wino unaofuata masharti hayo hueleza viambato vyake. Lakini orodha ya kemikali haikuambii kama chupa haina vijidudu, hivyo yaulize mambo hayo mawili kila moja kwa wakati wake.

Mwambie mchoraji kwamba unatumia dawa za kupunguza kinga. Akisita, usikasirike. Atakayekuomba barua ya daktari anakujali kuliko atakayesema haijalishi.

Hatua ya 6: Amua mahali, ukubwa na rangi

Anza na mchoro mdogo unaoweza kumalizika ndani ya saa moja, wa mistari myeusi, juu ya ngozi isiyo na bonge, kovu wala baka. Rangi nyekundu ndiyo inayoongoza kwa kuleta mzio, na mzio wa wino huweza kujitokeza miezi au miaka baadaye.

Epuka mapaja na tumbo ikiwa ndipo unapojidunga dawa, kwa sababu huwezi kudunga ndani ya kidonda, na baadaye wekundu wa sindano na wekundu wa tatuu utakuchanganya. Iache mishipa ya mkono inayotumika kwa dripu na kutolea damu. Miguu chini ya goti hupona polepole, hasa kwa mtu anayevimba miguu. Usichore juu ya kiungo bandia wala juu ya kiungo kinachovimba mara kwa mara. Usifunike madoa meusi ya asili: watumiaji wa azathioprini na dawa nyingine za kundi hili wana hatari kubwa zaidi ya saratani ya ngozi, na daktari lazima aweze kuiona ngozi yako. Anayefanyiwa kipimo cha MRI, yaani picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa sumaku, mara kwa mara, kama ilivyo kwa wenye maltipo sklerosisi, ajue kwamba wino wenye madini ya chuma huweza, kwa nadra, kupata joto au kuwasha wakati wa kipimo. Amjulishe mpigaji picha kila mara.

Hina nyeusi si mbadala salama kwa anayetaka kuepuka sindano. Mara nyingi huchanganywa na kemikali ya rangi ya nywele iitwayo parafenilenidaiamini, ambayo huleta malengelenge na mzio wa kudumu.

Hatua ya 7: Siku yenyewe

Kunywa dawa zako kama kawaida, kula vizuri, na usinywe pombe tangu siku iliyotangulia. Usimeze aspirini wala dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni kwa uamuzi wako. Zinaongeza kutoka damu, na pamoja na methotreksati zinahitaji uangalizi wa daktari. Kama umeamka na homa, kikohozi, jipu, kidonda cha mdomo au kuungua mkojo, ahirisha hata kama umekwisha kulipa amana.

Ngozi inyolewe kwa wembe mpya na kusafishwa kwa dawa ya kuua vijidudu. Wino umiminwe katika vikombe vidogo vya kutupwa, wala chupa isichovywe sindano. Usikubali kikao kurefushwa kwa kuwa kazi inakwenda vizuri. Kabla ya kuondoka, ipige picha tatuu kwenye mwanga mzuri, maana ndiyo picha utakayolinganisha nayo siku zijazo.

Hatua ya 8: Wiki za kupona

Kwa mtu wa kawaida ngozi ya juu hujifunga ndani ya wiki 2 hadi 4. Wewe jiandae kwa muda mrefu zaidi. Nawa mikono kwanza, kisha osha tatuu taratibu mara mbili kwa siku kwa sabuni isiyo na manukato na maji ya vuguvugu yanayotiririka, ikaushe kwa karatasi safi badala ya taulo, na upake marhamu laini kidogo sana. Marhamu iwe ya tyubu mpya, maana kopo lililochovywa vidole kwa miezi ni makao ya vijidudu. Usibandue magamba ya kidonda. Ukiwa umewekewa plasta ya utando, iondoe mara maji yanapojikusanya chini yake au kingo zinapoachia.

Usiogelee, usiloweke mwili majini na usiingie baharini hadi ngozi iwe imejifunga kabisa. Mwaka 2017 madaktari waliripoti habari za mwanamume mwenye ugonjwa wa ini aliyeogelea katika Ghuba ya Mexico siku 5 baada ya kuchorwa. Bakteria wa maji ya chumvi aitwaye Vibrio vulnificus aliingia kupitia tatuu, na mtu huyo alifariki dunia takribani miezi miwili baadaye. Ifunike tatuu kwa nguo dhidi ya jua, na baada ya kupona itumie kinga ya jua daima. Jua huamsha lupasi, na dawa kadhaa za kundi hili huifanya ngozi iungue upesi.

Hatua ya 9: Zisome dalili kwa sheria zako, si za wengine

Ningependa sehemu hii isomwe hata na mtu aliyeruka nyingine zote. Watu wengi hufundishwa kusubiri homa na usaha. Kwako, ishara hizo huenda zisitokee kwa wakati. Prednisoloni hupunguza homa, uvimbe na wekundu. Tosilizumabu, mojawapo ya dawa za kibiolojia, huizima homa na pia huishusha protini ya CRP katika damu, ambayo kwa kawaida hupanda mwili ukiwa na maambukizi, kiasi kwamba kipimo kinaweza kuonekana kizuri wakati maambukizi yanaendelea. Ikiwa unatumia tosilizumabu, mkumbushe daktari jambo hilo kabla hajakuambia kwamba damu yako ni safi.

Wekundu, joto na kuvuja majimaji kidogo ni kawaida katika siku mbili au tatu za kwanza, alimradi vinapungua. Kuanzia siku ya tatu, chochote kinachoongezeka ni sababu ya kupiga simu siku hiyohiyo: wekundu unaopanuka kupita mstari ulioupigia kalamu, maumivu yanayozidi, usaha, mistari myekundu inayopanda, mitoki kwapani au kinenani. Nenda hospitali mara moja, hata usiku, ukipata nyuzi 38 au zaidi, kutetemeka kwa baridi, kuchanganyikiwa, kupumua haraka, ngozi inayogeuka ya zambarau au nyeusi, au maumivu makali kuliko kinachoonekana juu ya ngozi.

Kuna pia dalili za polepole. Vinundu vyekundu vinavyojitokeza wiki ya kwanza hadi ya tatu ndani ya sehemu ya uvuli peke yake vinafanana na mzio, na wengi hupakwa krimu ya steroidi ambayo huyalisha maambukizi. Omba kipande cha ngozi kipelekwe maabara kuoteshwa, na utaje neno maikobakteria, kwa kuwa kipimo chake huombwa kipekee. Mwaka 2018 madaktari wa Uskoti walichapisha habari za mwanamke aliyepandikizwa mapafu mwaka 2009, akiwa anatumia dawa za kupunguza kinga, ambaye siku 9 baada ya kuchorwa pajani alianza kuumwa vikali paja na goti. Msuli ulikuwa na uvimbe wa muda mrefu, na ilichukua takribani miezi 10 kabla hajaanza kupata nafuu. Madaktari hawakuweza kuthibitisha kwamba tatuu ndiyo chanzo, ila hawakupata sababu nyingine. Alikuwa amewahi kuchorwa tatuu kabla ya hapo bila tatizo, kwa hiyo usijipime kwa historia ya tatuu zako za zamani.

Antibiotiki unayopewa haraka nayo huweza kudhuru. Kotrimoksazoli, au trimethoprimu peke yake, ikitumika pamoja na methotreksati huweza kuzima uboho wa mifupa usitengeneze damu. Klarithromaisini na erithromaisini hupandisha kiwango cha saiklosporini na takrolimasi hadi kuumiza figo. Flukonazoli ya fangasi hufanya vivyo hivyo. Toa ile karatasi yako kabla dawa haijaandikwa, na mfamasia naye aione.

Ukishukiwa kuwa na maambukizi, usijidunge dozi inayofuata ya dawa ya kibiolojia wala usimeze methotreksati ya wiki hiyo kabla ya kuongea na daktari wako, lakini endelea na prednisoloni. Huenda daktari akaiongeza kwa muda, kwa sababu mwili unaougua huihitaji zaidi.

Hatua ya 10: Kabla ya kikao kingine

Usipange mchoro wa pili hadi wa kwanza uwe umekaa miezi 3 bila vinundu, mwasho wala mabaka, na vipimo vya damu vimerudiwa. Kama dawa imebadilishwa katikati, anza upya kutoka hatua ya kwanza. Usikimbilie kuifuta kwa leza tatuu iliyoleta mzio, kwa kuwa leza huuvunja wino na kuutawanya, na mzio wa sehemu moja unaweza kuwa wa mwili mzima. Daktari wa ngozi ndiye wa kuamua.

Ikiwa maabara imethibitisha maambukizi, mjulishe mchoraji pamoja na mamlaka ya afya, na uwape picha ya lebo yenye namba ya toleo la wino. Chupa hiyo huenda bado iko rafuni, na mteja wake anayefuata huenda naye anatumia dawa kama zako.